MGENI WA LINUX APOKEWE KWA KISWAHILI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakunena mgeni njoo, usimame mlangoni ukodolee kufuli macho. Lakini hivyo ndivyo tulivyowatendea wadogo wetu wa Gredi ya 10 muhula uliopita katika maabara yetu ya tarakilishi, na mmoja wa wenyeji wakorofi nilikuwa mimi mwenyewe. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Kisa kilikuwa hivi. Siku moja baada ya chakula cha mchana, binti mmoja wa Gredi ya 10 aliketi kwenye mashine nambari saba. Alitaka programu ya kujifunza kupiga chapa, basi. Mwalimu alikuwa amenikabidhi nywila ya mashine zile, nami nikavimba kichwa kama kiranja mkuu. Badala ya kumwonyesha pale penye picha za kubofya, nilimfungulia ule uwanja mweusi wa kuandikia amri, nikamwandikia amri ndefu kwenye karatasi, nikamwambia, "Andika hivyo hivyo, usikosee hata herufi moja." Akaandika. Mashine ikataka nywila. Nikamtajia polepole. Akabonyeza herufi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Hakuna herufi, hakuna nyota, hakuna hata kinukta. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Kisha akanigeukia, uso umemshuka.

"Kaka, nimeiharibu?"

Nilicheka. Wenzangu wawili nao wakacheka. Sisi tulijua kwamba mashine ile ilikuwa imepangwa isionyeshe chochote unapoandika nywila pale, kusudi aliye nyuma yako asiweze hata kuhesabu herufi zako. Yeye angejuaje? Alinyanyuka, akachukua daftari lake, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakanyagi maabara ila kwa kipindi cha lazima. Nasikia huwaambia wenzake kwamba mashine za Linux ni za wavulana wa Form Three wenye maringo. Hajakosea. (Mwalimu akifika hapa anisamehe kwa kuitoa nywila. Imeshabadilishwa.)

Huenda wewe hujui kwa nini mashine zetu kumi na mbili zilibadilishwa. Zilikuwa zikitumia Windows 10. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali vikongwe kama vyetu. Inataka RAM ya gigabaiti 4 kwenda juu na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na mashine zetu, zilizonunuliwa zikiwa mitumba, nyingi zina gigabaiti 2 na hiyo TPM hazijapata kuisikia. Kununua mpya? Jamani, sisi ni shule ya kutwa. Mzazi akishamaliza karo, nauli ya matatu kutoka Langas au Huruma, na hela ya chakula cha mchana, umwambie tena kuna mchango wa tarakilishi, atakuuliza kama nia yako ni kumwua. Basi mwalimu wetu alipakua Linux Mint, ile sura yake nyepesi ya Xfce, akaitia kwenye flashi, akazifufua mashine moja baada ya nyingine. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika saba kuamka sasa huamka kabla hujavuta kiti vizuri. Hakuna aliyelipa hata shilingi.

Lakini nenda maabara leo mchana uone. Wanafunzi thelathini wanapigania zile mashine nne zilizobaki na Windows, na kumi na mbili zimekaa kama makaburi. Kuna minong'ono kwamba zisipotumiwa hadi mwisho wa mwaka zitauziwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Zikienda hizo zimekwenda, hatutaletewa nyingine. Mwenzangu mwenye laputopu nyumbani hatajali. Mimi sina, na wengi wenu hamna.

Kwa wasioijua, Linux ndiyo moyo wa mfumo unaoendesha mashine. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, akiwa na umri wa miaka 21, yaani mitano tu zaidi yangu. Mwezi wa Agosti mwaka huo aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza kitu cha kujifurahisha tu. Kitu hicho kikaungana na programu za GNU, ambazo Richard Stallman wa Marekani alizianzisha tangu 1983, na kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa kuzisoma, kuzinakili, kuzirekebisha na kumpa jirani, zikaenea dunia nzima. Ndiyo maana huitwa programu huria. Hata ile simu ya Android uliyoificha kwenye soksi ukidhani mwalimu wa zamu hajui ina Linux ndani yake. Mama mboga wa sokoni kwetu anayo ya namna hiyo, anaiendesha kutwa nzima, na hajawahi kuniambia ni ngumu.

Kwa hivyo ati Linux ni ngumu kwa asili yake? La hasha! Ugumu uko katika namna mgeni anavyopokewa. Mimi naona tumeiachia kazi ya kumpokea watu wasioiweza, yaani sisi wa chama cha tarakilishi, ilhali wanaoiweza wako chumba cha pili, katika Chama cha Kiswahili.

Nisikizeni kidogo kabla hamjaguna.

Baada ya aibu ile niliamua kulipa deni. Kwa wiki sita nilikaa na wanafunzi wa Gredi ya 10, mikono nikiifungia mgongoni, nikaandika katika daftari kila mahali walipokwama. Nilidhani watakwama kwenye mambo makubwa makubwa. Wapi! Walikwama kwenye vijimambo ambavyo sisi tuliokaa huko tumesahau kuwa viliwahi kutusumbua. Wa kwanza aliniuliza, "Diski C iko wapi?" Hakuna diski C katika Linux. Kila mtumiaji ana chumba chake chenye faili zake, na flashi yako ukiichomeka inaonekana pembeni kwa jina lake. Nilipomwambia hivyo alisema "aah", akaendelea na kazi yake. Sentensi mbili tu! Lakini angeachwa peke yake angetafuta diski C hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Hiyo flashi nayo ina hadithi. Mvulana mmoja aliandika insha kurasa tatu, akainakili kwenye flashi, akaona kidirisha kimejifunga, akaichomoa akakimbilia saiba mjini kuichapisha. Alipofika, faili ilikuwa tupu. Alirudi asubuhi akitaka kunila mbichi. Jambo ni kwamba mashine hupenda kuyaweka maandishi kwanza kwenye kumbukumbu yake, kisha huyamimina kwenye flashi polepole. Ni kama mtu anayehamisha maziwa toka kwenye ndoo kwenda kwenye kibuyu cha mursik: ukimnyang'anya kibuyu kabla hajamaliza, usimlaumu kwa kilichomwagika. Unabofya pale penye alama ya kutoa flashi, unangoja uambiwe ni salama, ndipo unachomoa. Hata Windows hushauri hivyo hivyo, ila tumezoea kuvunja sheria. Tangu nilipotumia mfano wa mursik hakuna aliyepoteza insha tena. Nilikuwa nimewaeleza kwa maneno ya kitaalamu mara tatu bila mafanikio.

Halafu kuna saiba yenyewe. Ukihifadhi kazi yako kama ilivyo katika LibreOffice, huenda mwenye saiba akakutazama kama umeleta barua ya jini, kwa sababu mashine yake imezoea faili za Word. Kumbe LibreOffice inaweza kuhifadhi kwa mtindo wa Word, ni kuchagua tu. Tena ikiwa ni ya kuchapisha, afadhali uigeuze kuwa PDF kabisa, maana hapo mistari haitahama hata sura ya herufi ikikosekana upande wa pili. Na kuna herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, faili iitwayo Insha na nyingine iitwayo insha ni faili mbili tofauti, kama mapacha wenye vitambulisho viwili. Hilo nalipita, mtalizoea wenyewe.

Sasa angalieni. Katika yote hayo hakuna hata moja lililotaka akili nyingi. Yalitaka mtu aseme jambo sahihi, kwa maneno mafupi, kwa lugha inayoingia kichwani. Mashine inapokataa kitu hutoa maneno makavu ya Kiingereza kwamba ruhusa imenyimwa. Mwanafunzi anayesoma hivyo huona kama ameshtakiwa. Mwambie, "Hapo ni chumba cha mwenye mashine, wewe fanyia kazi chumbani mwako," naye hacheki wala halii, anarudi chumbani mwake.

Wala si mimi wa kwanza kuwaza hivi. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, na mnamo Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Sisi tulikuwa bado hatujazaliwa! Huku Kenya, mtaalamu Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, aliunda orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia za Kiswahili. LibreOffice tunayoitumia sasa ilitokana na OpenOffice hiyo hiyo mwaka 2010, na ule mstari mwekundu unaojitokeza unapokosea Kiswahili unatokana na jasho la watu kama hao. Microsoft nayo, katika miaka hiyo hiyo, ilitoa Kiswahili cha Windows. Maana yake hata wenye fedha waliona pana faida hapo.

Basi kwa nini katika jiji letu la Eldoret sijakutana na mtu hata mmoja anayetumia mashine yenye menyu za Kiswahili? Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani menyu peke yake hazitoshi. Ukimtafsiria mgeni vibao vya milangoni bila kumtembeza nyumbani, bado atapotea. Isitoshe, baadhi ya maneno yetu yenyewe ni wageni kuliko Kiingereza. Kitabuni ni tarakilishi, Tanzania ni kompyuta, na ukichimba vitabu vya zamani utakuta ngamizi. Nilipoandika "fungua kivinjari", kijana mmoja aliniuliza kwa unyenyekevu kama kivinjari ni ugonjwa wa ngozi. Nikamweleza kuwa kuvinjari ni kutembea huku na huku ukiangalia mambo, kama tufanyavyo mjini siku ya kufunga shule. Akalipenda neno, sasa analitumia kuniringia. Lakini "kibonyezo cha kulia cha kipanya" kilikataliwa na darasa zima. Wakasema andika "bofya kulia", inatosha. Niliwatii. Neno zuri ni lile ambalo mgeni analikubali. Kamusi yaweza kungoja.

Aliyeifahamu mapema siri ya kumkaribisha mgeni ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Alipoanzisha Ubuntu mwaka 2004, jina lake akalichukua kwa wenzetu Wabantu wa kusini, na maana yake ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, uliweza kuagiza diski ya Ubuntu ikaletwa kwa posta bila malipo popote ulipo. Linux Mint ya mashine zetu imejengwa juu ya Ubuntu. Diski ilitia mashine hiyo chumbani mwa mtu, ila bado alihitaji jirani wa kumwambia diski C haipo.

Najua kuna wanaonipinga, tena wengine ni marafiki zangu wa dawati moja. Husema, "Wewe, mtihani wa KCSE unakuja, tutafanya vitendo kwa Word, Excel na Access, huyu Mint wako atatufaa nini?" Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza kama nzi. Anayefanya somo la tarakilishi anahitaji kuizoea hasa ile programu atakayoikuta siku ya karatasi ya pili, na kwa hifadhidata, LibreOffice haifanani sana na Access. Kwa hivyo zile mashine nne waachiwe watahiniwa. Sisi tulio Kidato cha Tatu tutafanya KCSE mwaka 2027, nasi tutahitaji zamu yetu. Lakini hesabu za jedwali ni zile zile. Ukiandika SUM au IF katika LibreOffice unapata jibu lile lile la Excel. Na nyinyi wengine mia kadhaa msiofanya somo hilo, mnaotaka tu kuandika insha, kupiga chapa na kutengeneza kadi ya harusi ya dada, mnagombania mashine nne za nini?

Kundi la pili linaloniudhi ni letu wenyewe, wajuaji. Mjuaji akiulizwa swali hujibu, "Mimi nilijifunza peke yangu, na wewe jifunze." Au hufungua ule uwanja mweusi, vidole vikaruka kama mvua ya mawe juu ya mabati, kisha husema "imekwisha" na kuondoka. Mgeni amejifunza nini? Amejifunza kuwa wewe ni hodari. Sisi watu wa huku tungepaswa kujua zaidi. Mgeni anayekuja Iten kujifunza mbio hapelekwi alfajiri ya kwanza kukimbia kilomita thelathini na mabingwa. Huachwa kwanza aizoee hewa ya milimani, akatembea, akakimbia pole pole. Akianguka siku ya kwanza, kocha ndiye anayeulizwa.

Kwa hiyo ninaomba haya. Wiki ya kwanza, uwanja mweusi usifunguliwe kabisa mbele ya mgeni. Mint ina menyu na picha za kutosha kwa kazi zake zote. Kila mgeni apewe mwenzake wa kukaa naye siku mbili tatu, na huyo mwenzake akae juu ya mikono yake, asiguse kibodi. Tena pawe na karatasi moja ya Kiswahili kando ya kila mashine, ukurasa mmoja tu, inayosema mambo aliyokwama nayo mgeni wa jana: faili zako ziko wapi, flashi inatolewaje, utahifadhije ili saiba waifungue, na kwamba nywila haionekani ukiiandika, usiogope, haijaharibika. Karatasi hiyo iandikwe na Chama cha Kiswahili. Mimi nitawapa daftari langu. Nyinyi ndio mnaojua kumwambia mtu jambo likamwingia, mnaoshinda midahalo na kuandika barua za wazazi. Sisi wa tarakilishi tukiandika tutaanza na historia ya RAM.

Tena tuandike upesi. Tulipoingia darasa la kwanza mwaka 2016, huo ndio mwaka serikali ilipoanza kugawa vishikwambi katika shule za msingi, na Chuo Kikuu cha Moi, papa hapa kwetu, kilikuwa mmoja wa washirika wa kazi hiyo. Katika shule niliyosomea vililetwa kwa shangwe, vikafungiwa kabatini, kwa sababu aliyefunzwa kuvitumia alihamishwa na hakuacha hata karatasi. Nasi ndio wa mwisho wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna Kidato cha Pili wala cha Kwanza, wako hao wadogo wa Gredi ya 10 tu. Tukiondoka 2027 na ujuzi wetu vichwani, mashine zile zitafuata njia ya vile vishikwambi.

Rasimu ya karatasi ya kwanza imebandikwa mlangoni mwa maabara. Ina makosa, yapigeni mistari, mwalimu wa Kiswahili ameshaanza kwa kalamu nyekundu. Tumekwama kwenye neno moja, jina la ule uwanja mweusi. Mimi nilipendekeza "terminali", wakasema si Kiswahili. Mwingine akapendekeza "kituo", Gredi ya 10 wakauliza ni cha matatu za wapi. Mwenye neno bora alilete siku ya Ijumaa saa tisa na nusu, katika chumba cha Kidato cha Tatu Mashariki.

Na wewe dada wa mashine nambari saba, kama unasoma, ile programu ya kupiga chapa nimeshaiweka. Inaitwa Klavaro. Iko kwenye menyu, bofya chini kushoto. Haitaki nywila.